Kurudisha shoka, patasi na msumeno wa zamani kazini bila kuziua

Ukipekua stoo ya nyumba yoyote ya shamba iliyokaa miaka mingi utakuta kuna kitu kimelala chini ya magunia na makopo ya rangi, shoka lisilo na mpini, patasi mbili tatu zimeshikana kwa kutu, msumeno umekuwa mweusi, randa ambayo kisu chake hakitoki tena. Wengi wakiona hivyo wanasema ni chuma chakavu, kikapimwe kwa kilo. Naomba usifanye hivyo kwanza. Zana hizo mara nyingi hazina ugonjwa mkubwa, zimekaa tu bila mtu wa kuzishika, na kazi ya kuzirudisha unaweza kuifanya nyumbani ukiwa na ndoo, siki, tupa mbili, jiwe la kunolea na siku mbili tatu za subira.

Ila kuna jambo nataka likuingie kabla hujagusa chochote. Kutu inaua zana polepole, miaka na miaka, lakini haraka ya mtu aliyeshika grenda inaiua kwa sekunde kumi. Zana nyingi za zamani nilizoshika zikiwa zimeharibika kabisa hazikuharibiwa na kutu, ziliharibiwa siku mtu alipoamua kuzitengeneza.

Nasema hivi kwa sababu nimefanya hilo kosa mwenyewe. Kulikuwa na patasi pana aliyoacha babu, chuma kizito, mpini umepasuka, makali yamepigika kama mtu alifungulia nayo misumari. Nikaipeleka moja kwa moja kwenye grenda maana nilitaka kuitumia jioni ileile. Cheche zikaruka, nikaona vizuri kabisa, alafu pale kwenye ncha nikaona rangi inatembea, manjano, ikawa kahawia, zambarau, nikainua mkono lakini bluu ilikuwa imeshafika kwenye ukingo. Nikailoweka kwenye maji nikidhani nimewahi. Sikuwahi. Nilipoipiga kwenye ubao mgumu ukingo ulijikunja kama bati, ukinoa inajikunja tena, ukinoa inajikunja tena.

Hizo rangi zina maana na ni vizuri kila mtu mwenye zana azijue. Chuma cha kaboni, ambacho ndo zana nyingi za mkono za zamani zilitengenezwa nacho, kinaunguzwa, kinazimwa kwenye maji au mafuta kiwe kigumu sana, alafu kinapashwa moto tena kidogo ili kisiwe cha kuvunjika kama kioo. Huo moto wa pili ndo unaamua ugumu wa zana maisha yake yote. Kwenye nyuzi 220 hadi 230 hivi za selsiasi uso wa chuma ulio safi unakuwa na rangi ya majani makavu, ukifika 260 ni kahawia, 280 zambarau, karibu 300 ni bluu. Patasi inataka iishie kwenye ile rangi ya majani makavu. Ukiipandisha mpaka bluu umeshailainisha, na kuitumbukiza kwenye maji baada ya hapo hakurudishi ugumu, unapoza tu chuma ambacho kimeshalegea. Dawa iliyobaki ya nyumbani ni kusaga taratibu, kwa kupoza kila mara, mpaka umalize sehemu yote ya bluu na ufikie chuma ambacho hakikuguswa na joto. Ya babu niliipunguza karibu milimita 6 kwa tupa na jiwe, siku nzima, na leo inakata. Lakini ni milimita 6 ambazo hazirudi.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii, tupa na jiwe kwanza, grenda ni kwa yule ambaye ana ndoo ya maji pembeni na anashika chuma kwa vidole vitupu bila glavu karibu na makali. Kikichoma vidole, kimeshakaribia kuwa moto mno, tumbukiza. Vidole vyako vinasikia joto mapema kuliko macho yanavyoona rangi.

Angalia kabla ya kusafisha

Watu wanarukia kutoa kutu, mi naanza na kuangalia kama zana inastahili huo muda. Kichwa cha shoka au nyundo nakifunga kamba kwenye tundu la mpini, nakining'iniza, alafu nakigonga na kipande cha chuma. Kikiwa kizima kinalia na sauti inavutika kama kengele. Kikitoa sauti iliyokufa, kuna uwezekano kina ufa. Hapo unaweza kuutafuta ufa kwa njia rahisi, paka mafuta ya taa sehemu unayoishuku, acha dakika chache, futa kabisa mpaka pakauke, alafu pakia unga wa chaki juu. Kama kuna ufa mafuta yaliyoingia ndani yatapanda na kuchora mstari kwenye chaki. Ufa kwenye mashavu ya tundu la shoka au kwenye uso wa nyundo, hiyo zana iache. Usiichomelee ukaendelea kuipigia, kipande kikitoka kinaruka kama risasi.

Tindo nazo ziangalie kichwani pale unapogonga. Zikipigwa miaka mingi kichwa kinachanua kama uyoga, vipande vimejikunja pembeni. Vile vipande ndo vinavyoruka na kuingia machoni. Vipunguze kwa tupa mpaka kichwa kiwe laini na ukingo wake umekatwa kidogo, kisha ndo utumie. Na usigonge uso wa nyundo kwa nyundo nyingine, zote mbili zina nyuso ngumu na ngumu kwa ngumu inamegeka. Miwani ya kukinga macho vaa hata kama unafanya kazi ya dakika moja.

Kitu kingine cha kuangalia, na hiki wengi hawakijui, ni kwamba patasi, visu vya randa na mashoka mengi ya zamani hayakuwa chuma kigumu chote. Fundi alichukua chuma laini akakiunganisha kwa moto na kipande chembamba cha chuma kigumu mahali pa makali tu. Ukisafisha mshazari, yaani ule uso ulioinama kuelekea makali, wa patasi ya aina hiyo ukautazama kwenye mwanga utaona mstari kabisa, upande mmoja unang'aa tofauti na mwingine. Ukishaona huo mstari unajua wapi kuna uhai. Ukisaga sana ule upande wa bapa, yaani wa nyuma uliolala sawa, kwa sababu una mashimo ya kutu unaweza ukamaliza kile kipande kigumu chote na ukabaki na kitu cha kupakia siagi. Kama hakuna mstari unaoonekana jaribu na tupa, ipitishe kwa upole, kwenye chuma kigumu tupa inateleza kama kwenye kioo, kwenye laini inang'ata. Shoka ambalo limenolewa miaka na miaka na sasa tupa inang'ata kirahisi mpaka ukingoni, huenda ile sehemu ngumu imeshaisha.

Kutoa kutu

Hapa kuna njia nyingi na watu wanabishana bure. Kama kutu ni ya juu tu, ile nyekundu ya unga, brashi ya waya na mafuta ya taa yanatosha. Kama imeshikana, tumia siki. Siki ya kawaida ina asidi kama asilimia 5, inakula kutu bila haraka. Toa kila kitu cha mbao, osha grisi kwa sabuni maana siki haipenyi kwenye mafuta, alafu zamisha zana yote ifunikwe, usiache nusu nje manake pale kwenye mstari wa maji patakula chuma vibaya. Usiku mmoja unatosha kwa nyingi. Asubuhi toa, sugua, angalia, kama bado rudisha masaa machache. Usisahau zana humo kwa wiki, siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe, na makali ndo yanaanza kuliwa kwa sababu ni membamba.

Ukitoa kwenye siki usiiweke mezani ukaenda kunywa maji. Chuma kilichotoka kwenye asidi kinashika kutu mpya ya manjano ndani ya dakika chache ukikiangalia kwa macho. Suuza, kitumbukize kwenye maji yenye vijiko viwili vitatu vya soda ya kuokea ili asidi ife, suuza tena kwa maji ya moto kama unayo, kausha kwa kitambaa papo hapo mpaka kwenye tundu na kona, weka juani dakika kumi, kisha mafuta. Hatua hii ndo watu wanairuka alafu wanalaumu siki.

Kuna njia ya umeme pia, ni nzuri kwa vitu vikubwa kama jiriwa au kichwa cha shoka chenye mashimo. Beseni la plastiki, maji, soda ya kufulia kijiko kikubwa kwa kila lita 4, chaja ya betri ya volti 12. Waya hasi unashika zana, waya chanya unashika kipande cha chuma chakavu cha kawaida, visigusane. Ukikosea ukageuza waya utakula zana yako badala ya kutu, kwa hiyo angalia mara mbili. Usitumie chuma kile kisichoshika kutu kama kipande cha upande wa chanya, kinaweza kutoa sumu ya kromiamu kwenye maji. Usitumie chumvi badala ya soda, inatoa gesi ya klorini. Fanyia nje au mlango ukiwa wazi kwa sababu yale mapovu ni haidrojeni na inashika moto, na zima chaja kabla hujaingiza mkono.

Na rangi za zamani, ukikuta zana imepakwa rangi nene iliyoanza kupukutika usiipige msasa mkavu. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi ndani na vumbi lake ni sumu, zaidi kwa watoto. Ilowanishe, kwangua ikiwa mbichi, kusanya uchafu wote.

Nati au skrubu zilizokwama mi nina neno moja tu, subira. Mafuta mepesi leo, gonga gonga kidogo kichwani, mafuta tena kesho, alafu jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza, ikisogea hata unywele rudi nyuma, mbele, nyuma. Ukilazimisha siku ya kwanza unavunja, na jiriwa nyingi na miili ya randa ni chuma cha kumimina, hakipindi, kinavunjika.

Makali

Patasi na kisu cha randa vina nyuso mbili zinazokutana, na zote mbili lazima ziwe safi. Watu wananoa mshazari tu wanasahau bapa. Hata mshazari ukiwa kioo, kama bapa ina mashimo ya kutu pale inapokutana na ukingo, makali yatakuwa na mapengo kama meno. Lakini huna haja ya kusawazisha bapa yote, sentimita 2 au 3 za mwisho zinatosha. Weka msasa wa maji juu ya kipande cha kioo nene, loweka, lalia bapa kabisa, sukuma na vuta bila kuinua mkono. Ukiinua kidogo tu umezungusha ukingo na kazi imekuwa ndefu zaidi.

Mshazari sasa. Patasi ya kazi za kawaida inataka nyuzi 25 hadi 30. Huna kipimo cha nyuzi? Huhitaji. Pima unene wa chuma, alafu pima urefu wa mshazari. Urefu ukiwa mara mbili ya unene, hiyo ni nyuzi 30. Ukiwa mara mbili na nusu pungufu kidogo, ni karibu nyuzi 25. Yaani patasi yenye unene wa milimita 4 inataka mshazari wa milimita 8 kwa 30, au milimita 9 na nusu hivi kwa 25. Kwa patasi ya kugongwa na nyundo ya mbao kwenye ubao mgumu chagua 30, kwa ya kusukuma kwa mkono 25 inateleza vizuri.

Paka mshazari wote wino wa maka peni kabla ya kuanza. Piga jiwe mara tatu nne, angalia. Pale wino ulipofutika ndo jiwe linagusa. Kama umefutika nyuma tu, inua mkono kidogo, kama ni kwenye ncha tu, shusha. Hii imenisaidia kuliko maelezo yote niliyowahi kupewa, kwa sababu inakuonyesha mkono wako unafanya nini badala ya unavyodhani unafanya.

Utajuaje imefika? Pitisha kidole gumba kwenye bapa kuelekea nje ya ukingo, usikipitishe kufuata urefu wa makali, utajikata. Utasikia kama uzi mwembamba unakwaruza. Huo ni ukingo wa chuma uliosukumwa upande wa pili, na maana yake mshazari na bapa vimekutana. Kama hausikii kila mahali kuanzia kona hadi kona hujamaliza, endelea, usibadilishe jiwe. Ukishausikia wote hamia jiwe laini zaidi, kisha laza bapa mara chache, mshazari mara chache, mpaka ule uzi utoke. Mwisho vuta kwenye kipande cha mkanda wa ngozi, kurudi nyuma tu, usisukume mbele. Ishike chini ya taa ukingo ukiwa unakuelekea, kama unaona mstari mweupe unaong'aa bado ni butu. Makali ya kweli hayaonekani, hayana upana wa kurudisha mwanga.

Shoka linanolewa kwa tupa, likiwa limebanwa vizuri, ukisukuma kutoka ukingoni kwenda mwilini au kutoka mwilini kwenda ukingoni ila mikono ikiwa na glavu, maana ukiteleza hapo ni kushonwa. Tupa inakata kwenda mbele tu, ukirudi iinue, usiisugue mbele nyuma kama msumeno, unayaua meno yake. Makali ya shoka la kukatia jumla yake kama nyuzi 25 hadi 30, la kupasulia kuni liwe butu zaidi maana lenyewe kazi yake ni kutanua. Mashavu nyuma ya makali nayo yapunguze kidogo kidogo yawe na umbo la ganda la yai, shoka lenye mashavu manene linakwama kwenye gogo hata kama ukingo unanyoa nywele.

Msumeno

Kwanza angalia meno. Misumeno mingi ya sasa ncha za meno zina rangi nyeusi au ya bluu, hizo zimepashwa moto kwa umeme ziwe ngumu mno na tupa haizing'ati. Huo msumeno ukifa umekufa. Wa zamani meno yake yana rangi moja na bamba zima, huo unanolewa mara kumi, mara ishirini.

Bana msumeno kati ya mbao mbili ndefu, meno yamechomoza kidogo tu, usipobana karibu na meno utapiga kelele inayoumiza meno yako mwenyewe na tupa itarukaruka. Pitisha tupa bapa juu ya meno yote mara chache mpaka kila jino lionyeshe kidoa kinachong'aa juu. Hicho kidoa ndo dira yako, unanoa mpaka kiishe, kikiisha acha, usiongeze hata mkono mmoja, la sivyo jino litakuwa fupi kuliko wenzake na halitakata kitu. Tumia tupa ya pembe tatu, noa meno yanayopishana, moja ndiyo moja hapana, fika mwisho, geuza msumeno, maliza yaliyobaki.

Msumeno wa kupasua kufuata urefu wa ubao tupa inapita moja kwa moja, mraba na bamba, yaani nyuzi 90. Wa kukata kukingama inapita kwa mshazari, kama nyuzi 20 hadi 25 kutoka kwenye huo mraba, ili kila jino liwe kisu kidogo kinachokata nyuzi za mbao. Meno yapindwe kidogo moja kushoto moja kulia, nusu ya juu ya jino tu, ukipinda kutoka shinani linavunjika. Ukimaliza ule wa kukingama chukua sindano ya kushonea uilaze kwenye ule mfereji kati ya safu mbili za meno, inamisha msumeno. Sindano ikiteleza kutoka mwanzo hadi mwisho bila kudondoka meno yako yako sawa. Mara ya kwanza sindano yangu ilipofika mwisho niliirudisha nikairudia kama mara tano, kwa furaha tu.

Randa niseme kwa ufupi. Tako lake lisawazishe kwenye msasa juu ya kioo, kisu kikiwa ndani na kimekazwa kama kawaida ila kimerudishwa juu, kwa sababu ule mkazo unapinda mwili kidogo na unataka usawazishe katika hali ya kazi. Kile chuma cha pili kinachokaa juu ya kisu kikae bila hata mwanya wa karatasi na kiwe karibu na ukingo, nusu milimita hadi milimita moja kwa kazi laini. Mwanya ukiwepo maranda yanaingia pale na randa inaziba kila baada ya mikono miwili.

Kuzihifadhi

Usiziweke sakafuni, udongo na zege vyote vinatoa unyevu. Usiziweke chumba kimoja na mbolea za dukani, chumvi, au betri ya asidi inayochajiwa, hewa yake tu inatosha kurudisha kutu. Ala ya ngozi ni ya safari, zana ikilala humo miezi ngozi inashika unyevu. Mafuta mepesi kidogo kwenye kitambaa, ukifuta kila unapomaliza kazi, yanatosha, na kwa zile ambazo hutazishika muda mrefu paka nta.

Mpini

Mpini nimeuacha mwisho kwa sababu ndo unaochukua muda zaidi na ndo unaoumiza watu.

Kuutoa wa zamani, ukate msumeno karibu na kichwa, toboa matundu kadhaa kwenye mbao iliyobaki, kisha isukume na kipande cha nondo. Tundu la shoka mara nyingi ni pana zaidi juu kuliko chini, kwa hiyo sukuma kutoka chini kwenda juu. Usitupe kichwa motoni ili mbao iungue. Najua watu wanafanya hivyo na ni rahisi, lakini kumbuka zile rangi, moto wa kuni unapita nyuzi 300 bila kujitahidi na hilo shoka halitashika makali tena.

Mbao ya mpini iwe kavu kabisa. Mbao mbichi ukiiweka leo inabana vizuri, baada ya miezi inasinyaa na kichwa kinacheza. Hesabu ya mafundi ni kama mwaka mmoja wa kukauka kwa kila sentimita 2 na nusu za unene, ikiwa kivulini na hewa inapita, ncha zimepakwa rangi au nta ili zisipasuke. Ukiwa na mizani pima kipande kila wiki, uzito ukiacha kushuka kimekauka. Angalia pia nyuzi za mbao. Ziende moja kwa moja kutoka kichwani mpaka mwisho bila kutokea ubavuni, kwa sababu nyuzi zikitoka pembeni katikati ya mpini, hapo ndo patavunjika, tena kwa kuchanika kwa ncha ndefu kali. Ukitazama kitako cha mpini, ile mistari ya miaka ya mti ni vizuri ifuate upande wa makali, isikingame.

Chonga taratibu, ingiza, toa, angalia pale chuma kilipoacha alama nyeusi kwenye mbao, punguza hapo tu, ingiza tena. Mara kumi na tano sio nyingi. Kichwa kikishafika karibu na mahali pake, usikipige nyundo. Shika mpini wima mkononi kichwa kikielekea chini, bila kugusa ardhi, alafu gonga kitako cha mpini kwa nyundo ya mbao. Utaona kichwa kinapanda chenyewe juu ya mpini, inashangaza mara ya kwanza, lakini sababu ni uzito wake, chuma kinataka kubaki kilipo na mpini unapita ndani yake. Endelea mpaka sauti ibadilike iwe nzito na kichwa kikatae kusogea. Acha mbao ichomoze kama milimita 5 juu.

Ule mpasuo wa kabari, kwenye ncha ya mpini inayoingia tunduni, uukate kabla ya kuingiza, uende kama theluthi mbili ya kina cha tundu. Kabari iwe ya mbao kavu, pana kujaza mpasuo wote, nyembamba kwenye ncha na nene vya kutosha juu. Igonge polepole, sikiliza, ikianza kutoa sauti ya juu na haiendi, acha. Kata iliyobaki ila zile milimita 5 za mpini usizisawazishe na chuma, zimechanua juu kidogo na ndo zinazuia kichwa kutoka.

Kuna mtindo wa kuloweka shoka kwenye maji likilegea. Linabana kweli siku hiyo. Mbao inavimba, haina pa kwenda, nyuzi zinajipondaponda ndani ya tundu, ikikauka inakuwa nyembamba kuliko ilivyokuwa, na kila ukirudia inazidi. Kama uko porini na huna njia, sawa, ila ukirudi nyumbani weka kabari. Badala ya maji mi napaka mafuta ya kitani, na pale juu kwenye ncha zilizochanua naongeza mpaka zikatae kunywa. Vitambaa ulivyopakia mafuta hayo usivikunje ukavitupa kona ya karakana. Mafuta ya kitani yakikauka yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kujiwasha chenyewe bila kiberiti wala cheche. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke, au vizamishe kwenye kopo la maji.

Baada ya hapo usilitumie shoka siku ileile kwa nguvu zote. Lipe siku kadhaa mafuta yakauke, anza na kuni nyepesi, na kabla ya kila kazi shika mpini, gonga kitako chini mara mbili, angalia pale juu kwenye kabari. Wiki mbili za kwanza kabari inaweza kuzama kidogo, igonge tena, paka mafuta tena. Na mtu yeyote asisimame mbele yako wala nyuma yako ukiwa unalipiga kwa mara ya kwanza.